Kampuni Ndogo za Filamu za Kisanaa Uholanzi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kampuni ya aina hii ikoje?

Kwa kawaida ina watu wawili hadi watano wa kudumu: mtayarishaji mwenye kampuni, mratibu, mtu wa mahesabu ambaye pengine huja siku mbili kwa wiki, na msaidizi. Wengine wote, kuanzia mpiga picha hadi dereva, huchukuliwa kwa mkataba wa filamu moja. Studio haina, kamera haina, vifaa hukodishwa. Mali yake ni haki za filamu ilizokwisha kutoa, miradi mitano au sita iliyo katika hatua mbalimbali, na imani ya waongozaji wanaorudi kwake tena na tena. Ikitoa filamu ndefu moja kila mwaka au kila miaka miwili, hiyo ni kasi nzuri.

Uholanzi ina watu kama milioni 18, na filamu ngumu isiyo na nyota wa televisheni haiwezi kujilipa kwa soko hilo peke yake. Ukilielewa hilo, mengi yanayofuata hapa chini yatajieleza yenyewe.

Kuna mifano ya kampuni zilizothubutu kweli?

Ipo, na kila mmoja una njia yake.

Graniet Film ni ya ndugu wawili, Alex na Marc van Warmerdam. Walianzia kwenye kundi la tamthilia na muziki la Hauser Orkater miaka ya 1970. Alex anaandika, anaongoza, mara nyingi anaigiza, na ametunga hata muziki wa baadhi ya filamu zake, Marc anatayarisha. Filamu yao ya Borgman ilishindania Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwaka 2013, na ilikuwa ya kwanza ya Kiholanzi kuingia kwenye shindano kuu tangu 1975. Hata hiyo ilikuwa na washirika wa Ubelgiji na Denmark.

Kees Kasander alishika njia nyingine. Alitokea kwenye tamasha la filamu la Rotterdam, kisha yeye na Denis Wigman, kupitia kampuni ya Allarts, wakawa watayarishaji wa Mwingereza Peter Greenaway kuanzia katikati ya miaka ya 1980. Yaani kampuni ndogo ya Kiholanzi ilimshika mwongozaji wa nje, ikakusanya fedha nchi baada ya nchi. Baadaye Kasander alikuwa miongoni mwa watayarishaji wa Fish Tank ya Andrea Arnold, iliyopata Tuzo ya Jopo la Majaji mjini Cannes mwaka 2009.

Wa tatu unatuhusu moja kwa moja. Rafiki ya Wanuri Kahiu, filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa rasmi Cannes (2018), ilitayarishwa kwa ushirikiano wa kampuni za nchi kadhaa, ikiwamo Rinkel Film ya Amsterdam.

Inasajiliwaje?

Nyingi ni BV, yaani kampuni yenye dhima yenye kikomo. Tangu Oktoba 2012 mtaji wa kuanzia unaweza kuwa senti moja ya yuro, lakini hati ya uanzishaji lazima ipite kwa mthibitishaji wa serikali, kisha kampuni iandikishwe kwenye Chemba ya Biashara, inayoitwa KVK. Watayarishaji wengi hufungua BV ya pili kwa kila filamu ili deni la filamu moja lisiangushe nyumba nzima. Ada za mthibitishaji na mhasibu zinalipwa mara mbili, lakini filamu ya tatu ikiharibika utafurahi kuwa ya kwanza na ya pili hazimo ndani.

Pesa zinatoka wapi?

Chanzo kikuu ni mfuko wa taifa wa filamu, Nederlands Filmfonds, wenye makao yake Amsterdam. Unatoa ruzuku kwa hatua: kuandika, kuendeleza mradi, kushuti, na kusambaza. Anayeomba fedha za kushuti ni mtayarishaji. Mwongozaji asiye na kampuni nyuma yake hawezi kubisha hodi kwenye mlango huo.

Pili ni watangazaji wa umma, yaani mashirika ya televisheni na redio kama VPRO na NTR, ambao huleta pia fedha za CoBO, mfuko unaosaidia filamu zinazotayarishwa pamoja na watangazaji hao. Tatu ni marejesho ya gharama: tangu 2014 Filmfonds ina mpango unaorudisha hadi 35% ya gharama zinazokubalika zilizotumika Uholanzi. Mpango huo una kiwango cha chini cha bajeti, kwa hiyo filamu ndogo sana hubaki nje. Nne ni kampuni shirika za nchi jirani, hasa Ubelgiji, yenye mfuko wa Flandria (VAF) na nafuu ya kodi kwa wawekezaji wa filamu. Juu ya hayo kuna Eurimages, mfuko wa Baraza la Ulaya ulioko Strasbourg, unaosaidia filamu zenye watayarishaji wa nchi wanachama zaidi ya moja.

Huu ni mfano wa kubuni wa filamu ya yuro 1,200,000:

- Filmfonds: 550,000
- Mtangazaji pamoja na CoBO: 200,000
- Mshirika wa Ubelgiji: 200,000
- Marejesho ya 35% kwenye gharama zinazokubalika za 500,000: 175,000
- Malipo ya awali ya msambazaji: 25,000
- Ada ya mtayarishaji iliyoahirishwa: 50,000

Tazama mstari wa mwisho. Pengo linalobaki huzibwa na mtayarishaji kwa kuahirisha malipo yake mwenyewe, na malipo yaliyoahirishwa kwenye filamu za kisanaa mara nyingi hayaji kamwe. Mtayarishaji anayefanya hivyo filamu tatu mfululizo anaendesha kampuni kwa akiba ya mwenza wake.

Kama fedha zote zimeahidiwa, kwa nini kampuni hukwama katikati?

Kwa sababu ahadi na fedha taslimu havifiki siku moja. Ruzuku hulipwa kwa awamu, na awamu ya mwisho huzuiwa hadi filamu ikabidhiwe na hesabu zikaguliwe. Sehemu kubwa ya marejesho nayo husubiri ripoti ya mhasibu aliyeidhinishwa. Lakini mishahara, chakula na ukodishaji wa kamera vinadaiwa ndani ya wiki tano sita za kushuti.

Ndiyo maana jedwali la mtiririko wa fedha hutengenezwa kwa wiki, halitengenezwi kwa mwezi. Mstari mmoja unaonyesha kinachoingia, mwingine kinachotoka, wa tatu salio. Wiki ambayo salio linashuka chini ya sifuri ndiyo inayoonyesha kiasi cha mkopo wa muda unaohitajika, na riba ya mkopo huo lazima iwe ndani ya bajeti tangu mwanzo. Kosa la kawaida ni kusahau kodi ya ongezeko la thamani. Kiwango cha kawaida Uholanzi ni 21%. Kampuni hurudishiwa kodi hiyo, lakini baadaye. Ankara za yuro 400,000 zikibeba 21%, ni yuro 84,000 zilizotoka mfukoni kabla hazijarudi.

Akiba ya dharura ya 5% hadi 10% ya bajeti ni ya lazima, na haiguswi wakati wa maandalizi. Anayeila kwa ajili ya mavazi mazuri ataitafuta mvua itakaponyesha siku tatu mfululizo, na Uholanzi mvua haina msimu.

Mauzo ya tiketi yanalipa kiasi gani?

Tufanye hesabu. Tiketi ya yuro 11 ina kodi ya 9%, ikibaki yuro 10.09. Watazamaji 10,000, idadi ambayo kwa filamu ngumu si ya kuaibisha, huleta kama yuro 100,900. Ukumbi unabaki na zaidi ya nusu. Tuseme msambazaji anapata 45%, yaani kama 45,400. Anakata kamisheni yake, tuseme 30%, zinabaki kama 31,800. Kisha anarudisha gharama zake za mabango, matangazo, nakala na subtaito. Zikiwa 40,000, mtayarishaji hapati kitu, na kwenye vitabu bado kuna shimo la 8,200 litakalofukiwa na mauzo ya televisheni au mtandaoni kabla yeye hajaona senti.

Kuna pia kadi ya Cineville, iliyoanza Amsterdam mwaka 2009: mwanachama hulipa kwa mwezi na kuingia kumbi za filamu za kisanaa kadiri apendavyo. Kwa filamu za kuthubutu imekuwa msaada mkubwa, kwa kuwa mtu asiyelipia tiketi moja moja hujaribu hata asichokijua. Lakini mapato kwa kila kiti huwa madogo kuliko tiketi kamili, na hesabu ya juu inapaswa kushushwa ipasavyo.

Ni nani anayekagua filamu zenye uchi, ukatili au mambo mazito?

Kwa watu wazima, hakuna bodi inayokaa na mkasi. Ukaguzi wa filamu za watu wazima uliondolewa Uholanzi mwaka 1977. Kilichopo ni Kijkwijzer, mfumo wa madaraja ya umri ulioanza 2001 chini ya taasisi ya NICAM. Msambazaji mwenyewe, kupitia mtu aliyefunzwa, hujaza dodoso kuhusu kila kilichomo: ukatili, hofu, ngono, ubaguzi, dawa za kulevya na pombe, lugha chafu. Majibu ndiyo yanayotoa daraja: wote, 6, 9, 12, 14, 16 au 18. Madaraja ya 14 na 18 yaliongezwa 2020.

Msomaji wa Nairobi atakumbuka yaliyoipata Rafiki: Bodi ya Kuainisha Filamu ya Kenya iliipiga marufuku Aprili 2018, na Septemba mwaka huohuo Mahakama Kuu ikaisimamisha marufuku kwa siku saba ili iweze kuonyeshwa. Filamu ileile inaweza kuwa na ruzuku ya serikali ya nchi moja na marufuku ya serikali ya nchi nyingine. Kwa hiyo kwenye mkataba wa utayarishaji wa pamoja weka kifungu kinachosema wazi nani anabeba hasara iwapo filamu itazuiwa katika nchi ya mmoja wenu, na kwamba kuzuiwa huko si sababu ya mshirika kudai fedha zake.

Matukio ya ngono na uchi hushutiwaje?

Kwa maandishi kwanza. Mkataba wa mwigizaji huwa na kiambatisho kinachotaja tukio kwa namba yake kwenye skripti, sehemu zipi za mwili zitaonekana, nani atakuwapo kwenye seti, na picha zipi haziruhusiwi kwenye bango au trela. Siku yenyewe seti hufungwa: hubaki mwongozaji, mpiga picha na msaidizi wake, mtu wa sauti, na mratibu wa matukio ya faragha. Skrini za pembeni huzimwa. Mkanganyiko mkubwa hutokea kwenye uhariri, pale picha iliyokubaliwa kwa tukio moja inapohamishiwa jingine. Kiambatisho kieleze kuwa hilo linahitaji idhini mpya.

Watoto ni habari nyingine. Aliye chini ya miaka 13 haruhusiwi kufanya kazi bila msamaha maalumu kutoka Ukaguzi wa Kazi wa Uholanzi, na saa na siku zake zina kikomo kulingana na umri. Ombi lisipojibiwa kabla ya siku ya kwanza, mtoto haji. Ratiba yenye mtoto kwenye kila tukio ni ratiba iliyokwishavunjika.

Ni msimu gani wa kushuti?

Desemba, Amsterdam hupata mwanga wa mchana kama saa saba na dakika arobaini tu. Juni hufika karibu saa kumi na saba. Aliyezoea saa zetu kumi na mbili za mwaka mzima hukosea hapo kwa urahisi. Filamu yenye matukio mengi ya nje mchana, ikisogezwa kutoka Septemba hadi Novemba kwa sababu fedha zimechelewa, itahitaji siku zaidi za kushuti na kwa hiyo bajeti nyingine. Kwa upande wa pili, matukio ya usiku mwezi Juni ni adha: giza la kweli halikai hata saa tano.

Mambo mengine ya kuangalia kabla ya kusaini lokesheni:

Ndege za Schiphol, uwanja wa ndege wa Amsterdam. Njia za kurukia hubadilishwa kulingana na upepo, kwa hiyo mtaa uliokuwa kimya ulipokwenda kuukagua Jumanne unaweza kuwa na ndege kila dakika mbili Alhamisi. Kusini mwa Amsterdam, chini ya njia ya Buitenveldert, mtu wa sauti lazima aende mara mbili, siku zenye upepo tofauti. Anga ya eneo hilo ni ya uwanja wa ndege pia. Droni hairuki hapo bila ruhusa.

Misitu na matete. Msimu wa ndege kutaga huhesabiwa takribani kuanzia katikati ya Machi hadi katikati ya Julai, na wasimamizi wa hifadhi hukataa taa na jenereta wakati huo.

Taa za barabarani na za ofisini. Umeme ni wa hezi 50, kama kwetu. Ukishuti fremu 24 kwa sekunde, weka shata (kilango cha mwanga cha kamera) nyuzi 172.8, la sivyo taa nyingine zitapepesa, na hilo hutaliona kwenye skrini ndogo ya kamera. Utaliona kwenye ukumbi.

Ruhusa ya barabara hutolewa na manispaa, na kila manispaa ina utaratibu wake. Mfereji si barabara: boti ya kamera ina mamlaka yake ya maji.

Bado kuna wanaotumia filamu ya 16mm, ile ya ukanda badala ya dijitali?

Wapo, na hujua gharama yake. Mkebe wa futi 400 unachukua kama dakika 11 kwa fremu 24. Filamu ya dakika 90 ikishutiwa kwa uwiano wa nane kwa moja ni dakika 720, yaani mikebe 65 au 66, na kila mmoja unanunuliwa, unasafishwa maabara na unaskaniwa. Punguza uwiano hadi tano kwa moja, iwe mikebe 41, ila waigizaji wafanye mazoezi wiki mbili kabla. Wengi wanaoipenda 16mm hupenda nidhamu hiyo kuliko chembechembe za picha.

Hatari kubwa siku hizi ni uwanja wa ndege. Mashine za ukaguzi wa mizigo ya mkononi zinazotumia teknolojia ya CT, zikiwamo za Schiphol, huharibu filamu ambayo haijasafishwa, hata kwa kupita mara moja. Mizigo ya chini ya ndege ni mibaya zaidi. Omba ukaguzi wa mkono kwa maandishi siku kadhaa kabla, au nunua filamu nchi unakoshutia, au itume kwa msafirishaji anayethibitisha kwamba haipitishwi kwenye mionzi. Mwale wa ukungu unaojirudia kwenye fremu kwa mpangilio uleule ndio alama ya mashine hiyo. Hauondoki kwenye kurekebisha rangi.

DCP ni nini, na kwa nini husababisha hofu wiki ya tamasha?

Ni kifurushi cha kidijitali ambacho ukumbi wa sinema hupakia kwenye seva yake. Picha huwa JPEG 2000, rangi za mfumo wa XYZ, biti 12, kasi isiyozidi megabiti 250 kwa sekunde. Vipimo vya 2K ni 1998 kwa 1080 kwa picha ya kawaida pana, au 2048 kwa 858 kwa ile ndefu zaidi. Sauti ni faili za WAV, kilohezi 48, biti 24, kwa kawaida 5.1. Filamu ya dakika 90 kwa wastani wa megabiti 150 hula kama gigabaiti 100.

Yanayoharibika, kwa mpangilio wa yanavyojitokeza mara nyingi:

Fremu 25. Mhariri aliyezoea televisheni anafanya kazi kwa 25, tamasha linadai 24. Ukiipunguza kasi, dakika 90 zinakuwa 93 na sekunde 45, sauti inashuka kidogo, na muziki lazima urekebishwe. Amua 24 au 25 siku ya kwanza ya maandalizi, kamera, sauti na uhariri wote waambiwe kwa maandishi.

Diski. Seva nyingi husoma mfumo wa Linux, ext2 au ext3, wenye inodi (rekodi za taarifa za kila faili) za baiti 128. Diski iliyotayarishwa kwa mipangilio ya kisasa ya inodi 256 inaonekana nzima kwenye kompyuta yako, lakini seva ya ukumbi haiioni. Hakuna ujumbe wa kosa, haipo tu.

Ufunguo. Nakala iliyofungwa kwa usimbaji huhitaji ufunguo unaoitwa KDM, uliotengenezwa kwa seva moja na kwa saa maalumu. Ukumbi ukihamishia filamu chumba cha pili, ufunguo haufanyi kazi. Ukikosea kubadili majira ya saa, filamu ya saa tatu usiku inafunguka saa nne. Kwa filamu ndogo isiyo na hofu ya kuibwa, usiifunge kabisa.

Sauti. Huchanganywa kwenye chumba kilichopimwa kwa desibeli 85, kidhibiti cha sauti kikiwa 7. Kumbi nyingi huonyesha kwenye 5 au chini. Mnong'ono uliosikika vizuri studio unapotea. Kabla ya kukamilisha, sikiliza filamu nzima ukiwa umeshusha hadi 5; maneno yasiyosikika hapo ndiyo ya kuinua.

Subtaito. Ziwe faili tofauti, zisichomwe kwenye picha, maana nakala safi itadaiwa na kila nchi. Zijaribiwe kwenye seva halisi: herufi zenye alama za juu mara nyingi hugeuka visanduku.

Mimi ni mwongozaji niko Mombasa, Bujumbura au Lubumbashi. Naingilia wapi?

Mlango wa kueleweka ni Hubert Bals Fund wa tamasha la Rotterdam, unaoitwa kwa jina la mwanzilishi wa tamasha hilo aliyefariki 1988. Tamasha lenyewe lilianza 1972. Mfuko husaidia waongozaji wa Afrika, Asia, Amerika ya Kusini, Mashariki ya Kati na sehemu za Ulaya ya Mashariki. Ruzuku yake ya kuendeleza skripti ni yuro 10,000. Fedha hizo hazitengenezi filamu, lakini huonyesha kwamba mtu makini ameusoma mradi wako, na hilo ndilo mtayarishaji wa Amsterdam hulitafuta kwanza.

Filamu iliyopita hapo inaweza kufuata mpango wa pamoja wa mfuko huo na Filmfonds: kampuni ya Kiholanzi huomba fedha kama mshirika mdogo wa filamu yenu. Pia kuna CineMart, soko la miradi la tamasha hilohilo, lililoanza 1983, ambapo mwongozaji na mtayarishaji wake hukutana na wafadhili kwa miadi ya nusu saa nusu saa. Kwa filamu za hali halisi (documentary), lango ni tamasha la IDFA la Amsterdam kila Novemba na mfuko wake, IDFA Bertha Fund.

Kampuni yako iliyosajiliwa nchini kwako ni sharti, ichukulie hivyo. Mwongozaji anayeomba peke yake hukwama kwenye fomu ya kwanza.

Mshirika wa Kiholanzi atataka asilimia ngapi, na fedha zake zitatumikaje?

Mkataba wa Baraza la Ulaya wa utayarishaji wa pamoja uliofanyiwa marekebisho ulifunguliwa kusainiwa Rotterdam, Januari 2017. Kati ya nchi zilizouridhia, mchango wa chini ni 10% kwa filamu ya nchi mbili, na 5% ikiwa ni nchi tatu au zaidi. Uholanzi ina pia mkataba na Afrika Kusini, na pengine ndiyo sababu moja kampuni za Cape Town huonekana mara nyingi katikati ya miradi ya Afrika Mashariki. Umiliki wa haki hufuata mchango: aliyeleta 15% asipewe 40% ya mapato ya dunia kwa sababu tu ana anwani nzuri.

Fedha za Uholanzi kwa sehemu kubwa lazima zitumike kwa Waholanzi. Kivitendo hiyo ina maana kurekebisha rangi, kuchanganya sauti, mtunzi wa muziki, au mkuu wa idara mmoja. Chagua mapema ni idara ipi uko tayari kuitoa. Kama mhariri wako wa miaka yote yuko Kampala, mwache. Peleka rangi na sauti. Usisubiri mshirika akuchagulie, atakupa aliye huru wakati huo.

Barua pepe ya kwanza iwe na nini?

Kurasa zisizozidi tano: mistari mitatu ya hadithi, muhtasari wa ukurasa mmoja, maelezo ya mwongozaji kuhusu jinsi filamu itakavyoonekana na kusikika, kiungo cha kazi iliyopita pamoja na neno la siri, na jedwali la bajeti linaloonyesha fedha zilizopatikana, zilizoombwa na zinazokosekana. Skripti nzima itume ikiombwa.

Kinachoua barua nyingi ni bajeti iliyovimbishwa. Mtayarishaji wa Kiholanzi anajua bei ya chumba cha kuchanganya sauti kwa siku. Ukiandika wiki nane mahali pa tatu, anafunga faili. Kinachofuatia ni karatasi za haki: hadithi imetoka kwenye kitabu cha mtu na hakuna mkataba, au mwandishi mwenza hajasaini. Pata saini kabla ya kuandika kwa yeyote. Wiki tatu bila jibu, kumbusha mara moja. Kimya cha pili ni jibu.

Nani mwenye filamu?

Kwa sheria ya Uholanzi, mwongozaji, mwandishi na waigizaji huchukuliwa kuwa wamempa mtayarishaji haki za kuitumia filamu, kama hawakukubaliana vingine, nao wanadai malipo stahiki. Mtunzi wa muziki hamo kwenye kanuni hiyo. Kwa hiyo muziki bila mkataba wa maandishi ni bomu: filamu imekamilika, tamasha limeikubali, na mtunzi anaweza kuizuia. Filamu ikiwa na nchi tatu, mapato hupitishwa kwa wakala wa kukusanya, kama Fintage House ya Leiden, anayegawa kwa jedwali lililosainiwa na wote. Anakata ada yake, lakini ugomvi wa nani alipokea nini unaisha.

Visa ya kwenda tamasha?

Ya Schengen, siku 90 ndani ya 180. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima, bima isipungue yuro 30,000. Unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi sita kabla, na angalau siku 15. Tamasha la Rotterdam huanza mwishoni mwa Januari, na Desemba ofisi zina sikukuu, kwa hiyo peleka maombi Novemba. Barua ya mwaliko itaje nani analipa tiketi na malazi. Kwenda kuonyesha filamu na kwenda kufanya kazi ya kulipwa ya uhariri ni mambo mawili. La pili linaweza kuhitaji kibali cha kazi, na mshirika wako ndiye wa kulishughulikia.

Filamu ikishaonyeshwa, nakala kuu hukaa wapi?

Filamu za Kiholanzi huhifadhiwa Eye Filmmuseum, Amsterdam. Mshirika wa Afrika asitegemee hilo peke yake. Dai kwenye mkataba seti yako kamili: faili kuu isiyo na maandishi, DCP isiyofungwa, sauti zilizotenganishwa (mazungumzo, muziki, milio) ili itafsirike baadaye, faili za subtaito, na mradi wa uhariri. Weka kwenye diski mbili katika miji miwili, na nakala ya tatu kwenye kanda ya LTO, kanda ya sumaku ya kuhifadhia data. Andika juu ya kasha kizazi cha kanda: mashine ya LTO-8 inasoma kanda za LTO-7 na LTO-8 tu, na ya LTO-9 haisomi ya saba.